Kufika Duna: hewa inase chombo, au injini iwashwe kwanza?

Vijana ninaocheza nao Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kuunda na kurusha roketi, hapa Kisumu hawabishani tena kuhusu kurusha roketi. Hilo wamelimudu. Siku hizi ubishi ni wa kufika: chombo kikikaribia Duna, ile sayari nyekundu ya mchezo, kitumbukizwe angahewani hadi hewa yenyewe ikinase, yaani kibaki kuizunguka sayari badala ya kupitiliza, au kiwashe injini kwanza kikanaswa, halafu hewa ikipunguze mwendo kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko?

Wa kutumbukiza wana hoja nzito. Mafuta usiyoyabeba hayanyanyuliwi kutoka Kerbin, sayari ya nyumbani ya mchezo, na kila anayecheza anajua tani moja ya ziada kule juu inavyovuta tani nyingi pale pa kurushia. Tena hewa ya mchezo haibadiliki. Ukipita kilomita 14 kutoka ardhini leo, kesho utakuta msongamano ule ule. Mars halisi haiko hivyo: vumbi likitimka, hewa ya juu hutanuka na chombo hukutana na upinzani ambao hakikupangiwa. Mchezaji ana uhakika ambao wahandisi wa NASA hawajawahi kuwa nao, na vijana wanauliza kwa nini asiutumie.

Kisha kuna muda, na hii naiona ndiyo hoja yao kali zaidi. Ukiwa ndani ya angahewa, mchezo haukuruhusu kuharakisha saa zaidi ya mara nne. Chukua kituo kikubwa chenye vipande mia mbili, laptopu ya mtumba, na ile saa ya kona ya juu kushoto imegeuka njano kukuonyesha kompyuta imelemewa: mpito wa dakika chache unakula robo saa ya jioni yako. Huwezi kuuacha uende kushughulikia roketi nyingine, kwa sababu chombo usichokitazama hakipunguzwi mwendo na hewa hata kidogo. Rudia hivyo mizunguko minane, na stima zenyewe hazina dhamana. Mtu akisema hana subira hiyo, namwelewa.

Hata hivyo nasimama na wa injini, kwa sababu ya hesabu. Kwa safari ya kawaida kutoka Kerbin, kunaswa Duna kwa injini hugharimu badiliko la mwendo la kama mita 250 kwa sekunde. Kutoka hapo hadi mzunguko wa duara ulio karibu na sayari ni kama mita 360 nyingine. Kumbe sehemu kubwa ya akiba iko baada ya kunaswa! Anayelipa zile 250 na kuiachia hewa zilizobaki bado ameokoa zaidi ya nusu, na kila mzunguko unampa nafasi ya kurekebisha. Wa kutumbukiza ana nafasi moja tu. Akipita juu mno, anapitiliza na kurudi kulizunguka jua. Akipita chini mno, paneli za sola zinang'oka, au Duna inampokea kwa kishindo. Dereva wa lori anayeteremka kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil huanza na gia nzito, breki baadaye, na mantiki ni hiyo hiyo.

Watasema kuna kuhifadhi mchezo na kurudia ukiharibika. Ni kweli, lakini kujaribu kimo hiki na kile hadi kimoja kikubali si kupanga, na ujuzi huo hauhamii kwenye sayari nyingine.

Vyombo halisi vimepita njia hii. Mars Global Surveyor ilinaswa kwa injini mwaka 1997, kisha ikaanza kuchovya hewani. Paneli moja ilikuwa na hitilafu na ikaanza kulegea kwa msukumo wa hewa. Wahandisi waliinua njia, wakapunguza nguvu, wakamaliza mwaka 1999, na chombo kikapona. Mars Reconnaissance Orbiter nayo mwaka 2006 ilitumia takriban miezi mitano kupunguza mzunguko wa saa 35 hadi saa 2. Hadi sasa hakuna chombo kilichowahi kuingia kwenye mzunguko wa sayari nyingine kwa kunaswa na hewa peke yake.

Upande wangu nao una mwiba, jina lake Ike. Mwezi huo ni mkubwa na uko karibu, kilomita 3,200 kutoka kitovu cha Duna, kwa hiyo ukinaswa kwa injini kidogo tu unakata njia yake kila mzunguko, na siku moja utamkuta. Dawa ni mchovyo wa kwanza uwe wa kina kidogo, ncha ya juu ya mzunguko ishuke chini ya kilomita 1,800, kisha michovyo inayofuata iwe ya juu juu. Na kimo kichongwe mapema, chombo kingali mbali, ambapo hata mita moja kwa sekunde inasogeza njia kilomita kadhaa.

Penye Jool, sayari kubwa ya gesi ya mchezo, pande zote mbili zinakwama. Kabla ya toleo la 1.0 la mchezo, la mwaka 2015, watu walitumbukia mle bila wasiwasi. Sasa joto ni kali, na hata ukishanaswa bado unaigusa hewa yake kwa zaidi ya mita 9,000 kwa sekunde, kwa hiyo kuchovya kidogo kidogo hakukuokoi. Pale napita mbele ya Tylo, mwezi wa Jool usio na hewa lakini wenye uzito unaokaribia wa Kerbin, na mvuto wake unaninasa bila ngao wala mafuta mengi.