Shamba jekundu kwenye ramani: kulikata au kulipima upya?

Mipaka ya mashamba ya wakulima wadogo ikishapandanishwa na ramani ya misitu, programu huyapaka mashamba rangi. Ya kijani yamepita, mekundu yana dalili za msitu uliofyekwa. Hapo ndipo wanunuzi wa mazao kama kahawa na kakao wanapogawanyika. Wapo wanaoyaondoa mekundu yote kwenye orodha ya ugavi siku hiyohiyo, na wapo wanaotaka kila moja lipimwe upya kabla ya kuhukumiwa.

Wanaokata, yaani wanaoyaondoa mashamba orodhani, wana hoja nzito. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, iliyopitishwa mwaka 2023 na ambayo utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili, inagusa ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Inadai viwianishi (longitudo na latitudo) vya kila kipande cha ardhi kilichotoa mzigo. Msitu ukigeuzwa shamba baada ya 31 Desemba 2020, mazao yote ya kipande hicho hayana ruhusa ya kuingia sokoni. Kuchanganya hakusaidii: gunia moja lenye kasoro likishamwagwa ghalani na lisiweze kutenganishwa, mzigo mzima umechafuka. Na sheria za nchi wanachama lazima ziweke kikomo cha juu cha faini kisichopungua asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya kampuni ndani ya Umoja huo. Kwa mtu mwenye kontena linalosubiri kupakiwa, kuacha mashamba 200 ni rahisi kuliko kulitetea moja.

Tatizo ni kwamba rangi nyekundu haithibitishi kuwa mtu amekata mti. Inasema tu kwamba mistari miwili, wa mpaka wa shamba na wa msitu, imegusana, na mistari yote miwili ina makosa yake.

Chukua shamba la nusu hekta lenye umbo la mraba. Kila upande una takriban mita 71, na mzunguko wake ni kama mita 283. GPS ya simu ya kawaida hukosea mita 5 hivi penye anga wazi, na zaidi ya hapo chini ya miti. Ukanda wa mita 5 kuuzunguka mpaka kwa ndani unameza zaidi ya robo ya shamba zima. Kwa shamba la hekta 10, ukanda huohuo ni karibu asilimia 6 tu. Kwa hiyo kosa lilelile la kifaa humwangukia mkulima mdogo vibaya mara nne zaidi, hasa akiwa amepakana na msitu. Nayo ramani ikiwa na pikseli (vijimraba vinavyounda picha) za mita 30, nusu hekta ina eneo la pikseli tano au sita tu, na nyingi kati ya zile inazozigusa zimekaa nusu ndani, nusu nje.

Kivuli nacho kinadanganya. Kahawa na kakao vinavyokuzwa chini ya miti mirefu huonekana angani kama msitu, na ramani ya dunia ya misitu ya mwaka 2020 iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, yenye pikseli za mita 10, ina makosa ya namna hiyo. Mkulima aking'oa mikakao iliyozeeka ili apande mipya, setilaiti inaripoti kupotea kwa miti. Kisheria hapo hakuna msitu uliokatwa: kilimo mseto chini ya miti kinahesabiwa kuwa matumizi ya kilimo, na ramani hiyo ya Tume ni msaada, haifungi mtu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha takwimu, tena kabla ya kugusa ramani ya msitu. Longitudo na latitudo zilizobadilishana nafasi hutupa shamba baharini, kwa sababu faili la GeoJSON, muundo wa kuhifadhi ramani, hutanguliza longitudo wakati vifaa vingi huanza na latitudo. Alama ya kutoa ikidondoka, shamba linaruka ikweta. Lahajedwali hufuta sifuri za mwisho au kukata desimali: tarakimu nne za desimali zilizobaki zinamaanisha hatua za mita 11, ilhali kanuni inataka sita, yaani kama sentimita 11. (Sita hizo ni usahihi wa maandishi. Kifaa kinachokosea mita 5 kitaendelea kukosea mita 5 hata kikiandika tarakimu kumi.) Kisha tafuta poligoni (michoro ya mpaka mzima wa shamba) zilizojikata kama namba nane, zilizorudiwa kwa majina mawili, zilizo duara kamili kwa sababu mtu alichora mduara kuzunguka nukta moja ofisini, na nukta zilizochukuliwa nyumbani kwa mkulima badala ya shambani. Shamba linalozidi hekta 4 haliruhusiwi kubaki na nukta, linahitaji poligoni. Lisilozidi hapo sheria inakubali nukta, lakini nukta haionyeshi ukingo, na ubishi karibu wote uko ukingoni.

Baada ya usafi huo ndipo mekundu yaliyobaki yanastahili macho ya mtu: picha za setilaiti za Sentinel-2 za kabla na baada ya mwisho wa 2020, zikiwa za msimu mmoja ili ukame usionekane kama ufyekaji, na radari pale mawingu yasipoisha.

Sasa upande wa wanaokata unarudi na hoja yake kali zaidi: kusahihisha kunaweza kuwa njia ya kusafisha uovu. Ni kweli. Mchoraji ofisini anaweza kuusogeza mpaka mita 20 hadi wekundu upotee, na hakuna atakayejua. Ndiyo maana poligoni ya awali isifutwe kamwe. Sahihisho liwe na tarehe, kifaa, jina la aliyepima na sababu, na litokane na kuutembea mpaka upya. Kusogeza mstari kwa kufuata picha ya angani pekee kukataliwe, hata pale picha inapoonekana kumtetea mkulima. Kumbukumbu zenyewe lazima zitunzwe miaka mitano, kwa hiyo mkaguzi atakuwa na cha kulinganisha.

Hali ngumu kuliko zote ni ya mkulima mwenye hekta 3 za kahawa ya zamani aliyefyeka robo hekta ya msitu mwaka 2022 akapanda mahindi. Akipimwa kwa mstari mmoja, kahawa yote inaanguka. Akipimwa kahawa peke yake, inapita. Wengine wataita hila. Lakini kanuni inauliza kipande kilichotoa zao husika, na mahindi hayamo katika orodha yake. Kutenganisha ni halali ikiwa mpaka kati ya mazao unaonekana ardhini na kipimo kilifanyika hivyo kwa wanachama wote wa kikundi cha wakulima, si kwa aliyenaswa tu. Msitu hata hivyo umepotea, na mnunuzi anayejali misitu hapaswi kulifunga faili hapo: robo hekta ile ibaki imewekewa alama, kwa sababu miaka mitatu baadaye inaweza kuwa kahawa.

Kukata nako kuna hatari isiyosemwa. Mkulima aliyeondolewa bado ana mavuno, na mara nyingi yatapita kwa jirani aliye kijani. Linganisha kilo alizouza kila mwanachama na hekta zake zilizopimwa. Anayetoa mara mbili ya wenzake wa udongo na umri uleule wa miti aulizwe kwanza.

Pale mpaka uliotembewa upya, picha mbili zenye tarehe na ukaguzi wa shambani vinapokubaliana kwamba miti ya msitu ilikuwapo na imeondoka baada ya 2020 ili zao lipandwe, shamba likatwe, bila kuonea aibu uamuzi huo. Mkulima apewe nakala ya ramani yake na zile picha mbili, aelezwe ni sehemu ipi iliyomponza, na apewe muda wa kukata rufaa kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa.