Kuweka bei kwenye msaada wa barabarani: hoja wanayo, ila tutapoteza zaidi

Wiki mbili zilizopita kwenye grupu letu la wapenda magari hapa Dodoma kuna memba alileta hoja ambayo mpaka leo haijapoa. Anasema tuweke bei. Yani ukikwama ndani ya jiji ukaomba mtu aje akubusti betri ulipe elfu ishirini, nje ya jiji elfu themanini na mafuta juu yako, na ukiazima skana, kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari, au jeki kubwa ya grupu uache dhamana ya hela taslimu. Watu kibao wakaweka dole, wengine wakanuna, admini akasema tujadiliane kwa ustaarabu alafu tupige kura Jumapili. Nimeamua kuandika kwa kirefu hapa maana kule ndani hoja inafukiwa na picha za rimu ndani ya dakika kumi.

Nianze na hao wanaotaka bei, sababu nimeona wanaitwa wachoyo na hilo siyo kweli kabisa. Wengi wao ndo walewale wanaoitwa kila siku. Kuna kaka mmoja wa Kizota ana pikapu ya dizeli na kamba nzuri ya kuvutia, mvua za Januari zikianza simu yake haitulii, leo mtu kazama njia ya Hombolo, kesho mwingine yupo kwenye korongo kule nyuma ya Nzuguni, na hakuna hata mmoja anayeuliza kaka umetumia lita ngapi. Mke wake anamuuliza, yeye hana jibu. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba msaada hauna bei anakuona unatania.

Kuna na suala la vifaa. Skana tuliyochangishana mwaka jana ilirudi ina waya umekatika, aliyeirudisha akasema ameikuta hivyohivyo, aliyekuwa nayo kabla yake akasema aliitoa ikiwa nzima, na ugomvi ule uliondoa watu wawili kwenye grupu. Kuna na mafundi pia, kijana wa gereji anayeishi kwa kubadilisha plagi na koili, sasa akiona memba anamfanyia mwenzake bure Jumamosi kwenye maegesho ya baa, anakosa hela ya kula. Hizi zote ni hoja za watu wazima na mimi sizikatai.

Ila bado nitapiga kura ya hapana, na mfano wangu ni wa usiku mmoja pale Fufu.

Dada mmoja, nesi, alikuwa anarudi kutoka Iringa na IST yake, watoto wawili siti ya nyuma. Amevuka Mtera vizuri, kufika karibu na Fufu taa nyekundu ya temperecha ikawaka, akapaki pembeni, kufungua boneti mpira wa juu wa rejeta, ile inayopoza maji ya injini, umepasuka kama mdomo wa samaki na maji yote yamekwisha. Ilikuwa saa tatu na ushee usiku. Akatuma lokesheni na picha moja yenye giza na maneno mawili tu, jamani nisaidieni. Duka la spea gani liko wazi muda huo? Basi jamaa mmoja wa Nkuhungu ambaye naye ana IST akatoka nje na tochi ya simu, akakinga beseni la kufulia chini ya gari yake mwenyewe, akamwaga kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, akachomoa mpira wa gari yake na klipu zake mbili, akaviweka kwenye mfuko wa rambo, akampigia rafiki yake mwenye Forester waende wote. Walifika inakaribia saa sita. Wakafunga mpira, wakajaza maji, wakawasha injini na kusubiri joto lipande ili wahakikishe feni inazunguka, alafu wakamfuata dada kwa nyuma taratibu mpaka Kisasa getini kwake. Asubuhi yule jamaa alienda kazini kwa bodaboda sababu gari yake haikuwa na mpira.

Sasa weka ile bei hapo. Elfu themanini, mafuta ya Forester kwenda na kurudi, mpira nao una bei yake. Yule dada aliniambia baadaye kwamba kwenye simu yake alikuwa na elfu kumi na nne na mshahara ulikuwa bado siku tatu. Angejua kuna bei asingeandika kitu. Angelala pale na watoto mpaka kuche, milango imefungwa, malori yanapita. Hili ndilo linanisumbua zaidi kuliko yote, maana ule mpango wa bei ukikaa vizuri hatutamwona aliyeshindwa kuomba. Atakuwa kimya tu. Grupu litakuwa na amani, hesabu zitakaa sawa, na sisi tutasema mfumo unafanya kazi.

Kuna watu watasema basi angewapigia ndugu. Ndugu gani? Hapa ndo tuangalie namba moja ambayo naona hatuipi uzito. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 ndani ya Dodoma mjini, ile ya 2022 ikakuta 765,179. Toa hapo, ni watu 354,223 zaidi ndani ya miaka kumi. Najua siyo wote wahamiaji, wengine wamezaliwa hapahapa na hao hawaendeshi gari wala hawapo kwenye grupu lolote, lakini wewe mwenyewe unajua serikali ilivyotangaza kuhamia 2016 nini kilitokea, wizara zikaja, watu wakafungasha, Ihumwa na Mtumba kukajaa majengo, na nyuma ya wafanyakazi wakaja wenye maduka, wapishi, mafundi, madereva. Kwa kila watu 100 wa 2012 sasa wapo 186. Wengi wa hao 86 mjomba wao yuko Mbeya, dada yao yuko Tanga, shemeji yuko Bukoba. Mtu aliyekulia Moshi gari ikimzimikia Moshi ana majina ishirini ya kupiga. Huyohuyo mlete Ilazo, amepanga, jirani anamjua kwa sura tu, mwenye nyumba anaishi Dar, gari ikizima saa sita usiku njia ya Veyula anampigia nani?

Wenyeji wetu Wagogo wametupokea vizuri, hilo nalisema bila kupepesa macho, nimejazwa mahindi ya kuchoma na watu nisiowajua pale Mpunguzi wakati nasubiri tairi lizibwe. Lakini huwezi kumwamsha mwenyeji kijijini usiku umuulize mpira wa rejeta. Kilichofanya kazi ya mjomba kwa wengi wetu hapa ni hili grupu. Lilianza kwa watu kuulizana oili gani nzuri, likafika kwenye kubebana. Mwaka jana memba alifiwa na baba Kondoa, magari saba yaliondoka hapa alfajiri yamejaa waombolezaji na maturubai na sufuria za kukodi, kila mwenye gari na mafuta yake, na kati ya hao saba watatu walikuwa hawajawahi kumwona marehemu wala mfiwa uso kwa uso. Walimjua kwa jina la gari yake.

Hao wapenda bei wanasema misiba ni kitu kingine, hiyo haitakuwa na bei. Mimi naona ni mnyororo mmoja. Ukishanilipa elfu ishirini ya betri tumemalizana, wewe huna deni na mimi sina sababu ya kukukumbuka, nawe ukinikuta nimechelewa dakika arobaini utanilalamikia kama unavyomlalamikia fundi sababu umelipia. Anayesaidiwa bure anabaki na kitu rohoni, anakitafutia njia ya kutokea, na mara nyingi hakimrudii yuleyule aliyempa, kinaenda kwa mwingine. Nilivyohamia hapa miezi minane ya kwanza nilikuwa nachukua tu. Waya za kubustia nimeazima mara tatu, jeki mara moja, ushauri kila wiki. Sikuwa na cha kutoa. Zamu yangu ilikuja nilipoanza kwenda Dar kikazi mara kwa mara, nikawa nawapitia watu spea zao pale Gerezani, na tangu treni ya SGR ianze 2024 kazi imekuwa rahisi zaidi, asubuhi niko Kariakoo jioni koili ya mtu iko Dodoma. Kwa mujibu wa ile hoja, miezi ile minane nilikuwa kupe, ningeombwa nilipe au nitoke.

Pointi moja naikubali bila ubishi, ushauri wa bure una hatari yake. Kuna memba aliambiwa mle ndani toa themostati, ile inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, gari itapoa, akatoa, gari ikawa inakula mafuta na injini haipati joto lake. Madaktari wa namna hiyo tunao na inabidi tuwabane. Lakini angalia na upande wa pili. Mzee wetu mmoja, fundi mstaafu, alituma voisi ya dakika sita ambayo hakuna aliyemlipa. Alieleza kwamba Dodoma tupo kama mita 1,100 juu ya bahari, maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi na siyo 100 kama Dar, na injini yenyewe inafanya kazi kwenye 90 hapo, kwaiyo kinachokuokoa ni ule mfuniko wa rejeta unaobana presha ili maji yachelewe kuchemka, ukichoka gari inachemsha hata kama rejeta ni nzima. Akasema tena tuache kujaza maji ya visima vya hapa yenye chumvi, angalia tu utandu mweupe kwenye birika lako la chai ujue ndo uliopo ndani ya rejeta, tumia kulanti. Baada ya voisi ile kuna kijana aliyekuwa ameshaambiwa gereji kwamba silinda hedi, yani kichwa cha injini, imeondoka, akaanza na mfuniko, kitu cha bei ya sahani ya chipsi kuku, na gari haijachemsha tena. Elimu ile ingewekwa bei, mzee asingeongea na kijana asingenunua.

Kwaiyo kura yangu ya hapana ina masharti. Mafuta yarudishwe, hilo ni la haki, aliyekufuata nje ya mji muulize lita ngapi na umrudishie siku ukipata, hata mwezi ujao, hata kidogokidogo. Kaka wa Kizota asiitwe yeye tu, tuwe na orodha ya zamu na wenye pikapu wengine wajitokeze maana tunawajua na tunaona picha zenu. Kazi ya ufundi yenyewe, kufungua injini, kushusha gia boksi, iende kwa fundi na alipwe hela yake kamili, sisi tuishie kwenye kumtoa mtu barabarani. Vifaa vya grupu viandikwe kwenye daftari moja, jina, tarehe, na picha wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha, bila dhamana ya hela, sababu mwenye shida ya hela ndiye anayehitaji jeki ya kuazima.

Skana ilishatengenezwa, waya mpya umewekwa, na sasa hivi inakaa kwa mama mmoja pale Ilazo ambaye ndiye atakayeshika daftari. Aliyeuliza jana usiku kuhusu taa ya injini ya Mark X yake, mama huwa nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni, mpigie kwanza.