Babu alikuwa Keya

Asante mwandishi kwa makala yako ya kuwakumbuka askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia, ila umeishia kwenye risasi tu. Marehemu babu yangu alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla hajavaa kaptula ya jeshi. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw huko Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Mapigano hakuyasimulia kabisa. Alisimulia mvua, ruba na magari yaliyozama kwenye tope. Aliporudi, akashika tena kisu cha kukatia mkonge. Mpaka uzeeni alikunja blanketi pembe kwa pembe kila alfajiri, na ole wako mjukuu uliguse! Medali yenyewe tuliichezea sisi watoto mpaka ikapotea.