Sehemu ya 73 Haifunguki

Mtu mzima mwenye familia, kadi ya bima na kiti chake kanisani hapaswi kulala na hasira kwa sababu ya televisheni, lakini jana mimi nililala nayo. Nilikuwa nimefikia sehemu ya mwisho ya Game of Thrones, tamthilia yenye misimu 8 na sehemu 73, ambayo walimwengu waliimaliza Mei 2019 na ambayo mimi, kwa hekima yangu, nilikataa kuianza mpaka watu wanyamaze. Stima ilikuwepo, tokeni zilikuwepo, watoto walikuwa wamelala, mambo matatu ambayo nyumbani kwangu hayajuani. Nikabonyeza. Televisheni ikanijulisha kwamba faili haifunguki.

Nilikuwa nimevumilia mengi kufika hapo. Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tuna sheria moja, kwamba stelingi hafi, na katika msimu wa kwanza, sehemu ya 9, watu hawa walimkata kichwa Ned Stark, ambaye kwa upanga, kwa farasi na kwa huzuni ya uso alikuwa stelingi kamili. Nikanyamaza. Ikaja sehemu ya 3 ya msimu wa 8, vita ambavyo walivipiga picha kwa usiku 55, na nikaona giza tupu likipiga mayowe. Nikamwita fundi kutoka Manyatta, hapa Kisumu, akaifungua televisheni mgongoni, akaitazama kwa heshima, akaifunga, akalipwa. Baadaye nikasikia kwamba dunia nzima ililalamikia giza lilelile, na mpiga picha wao akajibu kwamba tatizo ni jinsi watu walivyorekebisha televisheni zao. Sehemu iliyofuata mwanga ukarudi, na ukatuonyesha kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani mbele ya malkia Daenerys. Huko kwao kikombe kilifutwa baadaye. Kwenye flashi yangu bado kipo.

Basi asubuhi nikavaa koti, kwa sababu Kondele lalamiko lisilo na koti halisikilizwi, nikaenda kwa kijana anayetuuzia sinema karibu na daraja la juu.

"Kijana," nilimwambia, "bidhaa uliyoniuzia ina kasoro. Sehemu ya 73 haifunguki."

"Ya 73 tu? Hiyo si neno, jaduong'. Keti nikusimulie."

Nilimweleza kwa utaratibu kwamba nilifuata faili, sikufuata hadithi, lakini kigoda kilikuwa kimeshapanguswa.

"Jon anamchoma Daenerys kisu," akaanza.

"Mwanangu, mtu hapewi habari ya msiba hivyo," akaingilia mama anayekaanga samaki pale kando. "Mwambie kwanza walikuwa wanabusiana."

"Walikuwa wanabusiana kweli," akathibitisha mtu wa boda boda ambaye hakuna aliyemwita, akizima pikipiki yake ili tusikie vizuri. "Na alifanya sawa. Mtu aliyechoma mji mzima na watoto ndani, ungemfanyaje?"

"Angemrudisha kwao," akasema mama. "Kuna wazee. Kuna mazungumzo."

Wakabishana hapo muda mrefu, abiria wa boda boda akiwa bado amepakiwa na kuku wake mapajani, na yeye pia alikuwa na maoni. Nikajaribu kuondoka. Kijana akanishika mkono wa koti na kunijulisha kwamba joka lilikuja likakiyeyusha kile kiti cha enzi.

"Sasa watakalia nini?" Nilijisikia nikiuliza.

"Bran ndiye mfalme."

"Bran yupi?"

"Yule mtoto aliyesukumwa dirishani."

Nilisimama. Mtoto aliyesukumwa dirishani katika sehemu ya kwanza kabisa! Mtoto ambaye msimu wa 5 wote hakuonekana hata mara moja, wala hatukuambiwa ameenda wapi! Watu wamekufa misimu minane, majeshi yameteketea, mimi nimenunua tokeni, ili ufalme apewe mtu ambaye hakuuomba?

"Waliketi wakubwa wachache wakamchagua," akaeleza kijana. "Mmoja alipendekeza wananchi wote wapige kura, wenzake wakamcheka."

"Hapo ndipo nilipoiamini ile sinema," akasema mtu wa boda boda, akawasha pikipiki na kuondoka na kuku.

Nikadai pesa zangu. Kijana akanijibu kwa adabu, tena kwa sauti ya chini ili asiniaibishe, kwamba sasa tamthilia nimeimaliza, kwa hiyo hakuna deni. Akauliza aniwekee gani nyingine. Akanipendekezea Prison Break, ambamo Scofield alizikwa mwaka 2009 na mwaka 2017 akarudi akiwa mzima, jambo ambalo angalau linaheshimu sheria ya stelingi.

Huko ng'ambo zaidi ya watu 1,000,000 walitia sahihi ombi kwamba msimu wa 8 uandikwe upya, na haukuandikwa. Mwanangu naye hucheza mchezo wa video wa mpira uliobadilishwa jina mwaka 2023, na kila mtoto wa mtaa bado anauita FIFA. Hawa watu hufanya watakavyo.

Hata mwigizaji wetu Lupita Nyong'o walimfanyia hivyo. Mwaka 2014 wakampa Oscar, Kisumu nzima ikawa na undugu naye, tukangoja kuuona uso ule. Mwaka 2015 wakamweka katika Star Wars, wakamfunika kwa kompyuta akawa kiumbe kidogo cha rangi ya chungwa, chenye makunyanzi na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 2016 wakamfanya mbwamwitu, sauti tu. Nilimwalika shangazi yangu kuitazama ile ya Star Wars, naye akaja na kitambaa kipya kichwani. Akangoja, akangoja, kisha akauliza binti yetu yuko wapi. Nikamwonyesha yule mwenye miwani mikubwa. Shangazi akasogea karibu na kioo, akamtazama kwa makini, akauliza kama huko Marekani wanamlisha.