Milango niliyoiuza kwa kilo

Wiki iliyopita nimeuza milango miwili ya gari kwa bei ya chuma chakavu, na hadi leo shemeji yangu wa Buguruni hajanisamehe.

Ninaishi Birmingham, mwaka wa tisa sasa. Gari langu ni Toyota Yaris ya zamani, ile ambayo Dar mnaiita Vitz, na injini yake ni 2NZ, damu moja na ile ya IST za cc 1300 zinazobeba abiria kutwa kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Injini ilipokufa, gereji ya hapa ilinipigia hesabu ya matengenezo nikaona heri ninunue Yaris nyingine iliyogongwa nyuma. Mimi na jamaa mmoja Mghana tukahamisha injini wenyewe kwa wikiendi mbili. Bodi lililobaki lilikwenda kwenye kituo chenye leseni, maana huku gari halifi kienyeji: linapewa cheti cha kuharibiwa kama marehemu anavyopewa cheti cha kifo.

Sasa, mtoto wa Ilala hawezi kuacha gari liondoke na kila kitu. Kabla halijabebwa nilikuwa nimeshafungua milango ya mbele, taa ya kushoto, alteneta, stata, rejeta, shokapu nne, usukani na eabegi yake, na lile bomba la ekzosi lenye masega ya kusafisha moshi. Vyote vikalala nyuma ya nyumba chini ya turubai. Mke wangu akanipa hadi mwisho wa mwezi.

Nilianza kwa kuvitangaza mtandaoni. Watu waliuliza, wakaomba picha zaidi, wakaniambia watakuja Jumamosi, hawakuja. Mmoja alitaka taa, ila nimtumie, na gharama ya kutuma ilikaribia bei ya taa yenyewe.

Nyumbani wakisikia hivi husema Wazungu wanatupa mali. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo miaka ya mwanzo, tena kwa sauti ya mtu aliyegundua ujinga wa wenyeji. Siku hizi nimenyamaza. Kinachoua spea huku ni saa ya fundi. Gereji inatoza kwa saa, na saa moja inaweza kuzidi bei ya alteneta ya mtumba. Mteja akishalipia saa mbili za kazi hataki kusikia habari ya kifaa kisicho na dhamana, maana kikizingua mwezi ujao atazilipia tena saa zilezile. Anafungiwa kipya, cha zamani kinakwenda kwenye skrepa, na mtu huyo wala si mjinga. Dar hesabu imepinduka: kifaa ndicho ghali, muda wa fundi ndio rahisi. Fundi wa Gerezani anakaa na alteneta yako tangu asubuhi, anabadilisha kaboni, anasuka waya upya, jioni inachaji. Tunaita ule ubunifu, na ni ubunifu kweli, lakini tukumbuke pia kwamba yule kijana amelipwa kidogo sana kwa siku nzima ya maisha yake.

Na hata kile kisichotengenezeka Dar kina pa kwenda. Alumini inayeyushwa kuwa sufuria. Springi inaishia kwa mhunzi, inatoka panga. Tairi linakuwa katambuga, ringi inakuwa jiko la muuza chipsi, oili chafu inapakwa kwenye mbao mchwa wasisogee. Huku nikilitamani jiko la ringi natazamwa kama nimechanganyikiwa.

Lakini njaa hiyo ya spea ina upande wake mbaya. Nilipokuja likizo mara ya mwisho tuliamka tukakuta gari la kaka halina vioo vya pembeni. Jirani, bila hata kushangaa, akatuambia tuwahi kwenye mtaa mmoja wa spea kabla havijapata mteja. Tukawahi. Tukavikuta. Tukavinunua! Ndiyo sababu watu wa Dar wanachora namba ya gari kwenye vioo na taa. (Wezi wa huku nao wana utaalamu wao: wanaingia chini ya Prius usiku na kukata bomba kwa ajili ya masega, kwa sababu mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa hiyo kwenye wizi nawapa sare.)

Nilipomtumia shemeji picha ya mzigo, alijibu kwa neno moja: "Usitupe." Kisha akapiga simu. Taa aliitaka kwanza, na alikuwa na hoja: Uingereza na Tanzania wote tunaendesha kushoto, kwa hiyo inamulika upande unaotakiwa, wakati ya Ujerumani ingempofusha dereva anayekuja. Alteneta na stata, lete. Milango, lete. Shokapu?

"Shemeji, zile zinajazwa oili tu, zinapiga kazi."

Hapo tulitofautiana. Shokapu zilizokwisha nimezikataa huku, siwezi kumpelekea mtu anayebeba familia yake kwenda Bagamoyo. Eabegi ndiyo kabisa, ina baruti ndani, na imelala nje kwenye mvua. Uchakavu una mpaka, na mpaka wangu ni pale mtu anapoweza kufa. Shemeji aliona naringa.

Milango ilikuwa kesi nyingine. Ilikuwa mizima, rangi nzuri, vioo vinapanda na kushuka. Ila kwenye kontena la kushirikiana unalipia nafasi, na mlango unakula nafasi ya mapipa ya mizigo, halafu bandarini kuna ushuru na VAT ya asilimia 18. Nilipiga hesabu mara tatu nikitafuta kosa. Halikuwepo.

Basi alteneta, stata na taa vimeingia kwenye pipa, vimezungushiwa majaketi na viatu vya watoto. Vilivyobaki nikavipeleka skrepa. Kwa sheria ya 2013 wanunuzi wa skrepa wa England hawaruhusiwi kulipa fedha taslimu, kwa hiyo nilionyesha kitambulisho, nikapima, hela ikaingia benki. Kile kibomba cha masega kilinipa zaidi ya vyuma vingine vyote kwa pamoja. Milango ilirushwa juu ya lundo, kioo kimoja kikapasuka.

Jioni nikamtumia shemeji ujumbe wa sauti kumweleza yote, hadi namba ya pipa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, sekunde nne tu.

"Yaani shemeji, umeipima kilo?"