Msimnyang'anye Ufagio Mgonjwa wa Saratani

Watu wa Pwani tunajua kuuguza. Ikishasikika tu kwamba fulani ana saratani, nyumba inajaa. Huyu kaleta supu, yule uji, mwengine kaja kumsomea dua, na wote neno lao ni moja: "Wewe kaa kitako, usijitaabishe." Jirani yetu wa Majengo alipoanza kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kwa saratani yake ya matiti, ilikuwa akishika ufagio unachukuliwa, akiinukia birika mabinti watatu washalifikia. Haikupita miezi mingi, ngazi za ghorofa moja zikawa zinamtoa pumzi. Kemo ina lawama yake hapo, sikatai. Lakini kitanda nacho kina yake.

Uchovu wa saratani si ule wa kazi. Uchovu wa kazi ukiulalia unaondoka. Huu mtu hulala usiku kucha na kuamka kachoka vilevile. Jamaa wakiona hivyo humwambia alale tena. Kumbe misuli isiyotumika inakonda, moyo nao unazoea kazi ndogo, na kila siku ya kulala inaifanya ya pili yake kuwa nzito zaidi. Mwongozo wa wataalamu walioitishwa na American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha tiba ya michezo, uliotolewa mwaka 2019, unasema kinyume na shauri letu la sebuleni: mazoezi ya kutosha kuupa moyo kazi, dakika 30 mara 3 kwa wiki, pamoja na ya kujenga misuli mara 2, yanapunguza uchovu huo, wasiwasi na unyong'onyevu.

Halafu kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine, jarida la utabibu la Marekani. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia, walikuwa wameshapasuliwa na kumaliza kemo. Kundi moja lilipewa vitabu vya ushauri wa afya. La pili lilipewa, juu ya vitabu hivyo, mtu wa kulisimamia mazoezi kwa miaka 3, na kwa wengi mazoezi yenyewe yalikuwa kutembea kwa haraka tu. Kufikia mwaka wa 8, waliokuwa hai walikuwa kama 90 katika kila 100 kwenye kundi la mazoezi, na 83 kwenye kundi la vitabu pekee. Ni saratani ya utumbo hiyo, hatuwezi kuichukua hesabu yake tukaibandika kwa kila saratani. Linalonigusa mimi ni kwamba kitabu peke yake hakikufua dafu, alihitajika mtu. Na sisi watu tunao, wamejaa sebuleni wanakunywa chai.

Wanawake waliotolewa uvimbe wa titi na tezi za kwapani walikuwa wakiambiwa wasinyanyue kitu kizito, mkono usije ukavimba. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba wenye mkono uliokwisha kuvimba wakinyanyua vyuma, kwa kuanza na vyepesi na kupanda polepole chini ya mwalimu, uvimbe hauzidi. Hapa kwetu lile agizo la zamani bado linatembea nyumba hadi nyumba.

Lakini kikwazo kikubwa Mombasa, kwa maoni yangu, si kutojua. Ni macho ya watu. Mgonjwa kachangiwa harambee, msikitini kaombewa, kisha asubuhi anaonekana kwenye bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, chini ya mibuyu, na buibui lake, mikono inapunga. "Kumbe mzima huyu!" Nimeyasikia kwa masikio yangu. Wengine hujifungia ndani ili tu waonekane wagonjwa wa kutosha. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa kicheko.

Na si lazima Mama Ngina. Anayekaa Likoni au Kisauni hana haja ya kulipa nauli ili akatembee. Ua, baraza au kichochoro kisicho na bodaboda kinatosha. Wakati mzuri ni baada ya alfajiri au jua likishapoa. Mchana wa kaskazi hauna huruma hata kwa mzima. Aanze kwa dakika 5 kama ndizo alizo nazo. Kemo nyingine hutia ganzi nyayoni, kwa hivyo avae viatu vya kufunika na apite pasawa, mchangani asiende.

Mipaka ipo. Mwenye homa asifanye mazoezi siku hiyo. Saratani ikiwa imefika mifupani, damu ikiwa imepungua sana, au chembe za kugandisha damu zikiwa chini, daktari aulizwe kwanza. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, hapohapo akae. Aliyetobolewa tumbo kwa ajili ya mfuko wa choo asianze kubeba vizito bila ushauri.

Ndiyo maana nadhani kliniki zetu zina deni. Mgonjwa anaondoka na karatasi ya dawa yenye saa na vipimo, lakini juu ya mwili wake anaambiwa "upumzike" basi. Iandikwe pia atembee dakika ngapi, mara ngapi, na dalili gani zimsimamishe. Na aelezwe vilevile yule aliyemsindikiza, maana huko nyumbani ndiye mwenye amri.