Kiti Changu Namba Nne

Mwezi wa saba mwaka jana mpwa wangu aliyeko Kanada alinipigia simu saa tano asubuhi. Kwao hata hakujapambazuka. Mtu akikupigia kabla ya kupambazuka kwao, ujue kafiwa au kafukuzwa kazi, kwa hiyo nikakaa kabisa juu ya gunia la dagaa nisije nikaanguka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ila mwezi huu ile hela ya ada ya watoto sitaweza kutuma, mjomba. Tiketi zimepanda."

Nikamshukuru Mungu. Nikajua kijana alitaka kuja nyumbani, nauli ya ndege imemshinda. Nikaanza kumpa pole, kwamba Mwanza haihami, atatukuta. Akanikatisha. Si tiketi ya ndege, ni tiketi ya uwanjani. Ya msimu mzima. Ya hoki.

Hoki yenyewe, kwa asiyeijua: wanaume wamevaa viatu vyenye visu chini, wanakimbizana na magongo juu ya barafu, wanagombania kidude cheusi cha mpira, duara, kinene kama soli ya kandambili. Wakikosana wanavua glavu wanapigana ngumi, na mwamuzi anasimama pembeni anawaangalia kama kondakta anayesubiri gari lijae. Huko barafu si shida. Mpwa wangu anasema kuna maziwa yanaganda mpaka watu wanapita na magari juu yake. Nikawaza Ziwa letu ligande siku moja. Watu wa Ukerewe wangekuja mjini kwa bodaboda, na lile daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3 nzima juu ya maji, tungekuwa tumelijenga la nini?

Basi, msimu huo wa hoki ulikuwa na mechi 82, na 41 zilikuwa za nyumbani. Tiketi ya msimu maana yake unalipia zote 41 kabla mtu hajagusa barafu. Hujui kama timu itafungwa. Hujui hata kama mwezi wa pili utakuwa hai. Akanitajia bei kwa dola, nikazidisha kwa shilingi kwenye simu, tarakimu zikajaa kioo mpaka nikadhani nimebonyeza namba ya mtu.

"Na kwa nini wamepandisha?"

Hapo ndipo akanipa somo. Timu za Kanada viingilio wanakusanya kwa dola ya Kanada, ila wachezaji wanalipwa kwa dola ya Marekani. Dola ya Marekani ikipanda, mishahara imepanda, na hakuna aliyeongezwa hata senti.

Jamani, mimi nikamwelewa mwenye timu kuliko nilivyomwelewa mpwa wangu! Nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mapato yangu ni shilingi, tena shilingi yenye harufu. Lakini nyavu, mashine ya mtumbwi na betri za taa vinatoka ng'ambo, ukiuliza bei unaambiwa "dola imepanda, mzee". Na mimi hata mechi 41 sina. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanalala, na mimi nalala njaa. Kila mwezi nina likizo niliyopangiwa na mwezi wenyewe. Nikamwambia, "Mjomba, huyo mwenye timu msimtukane. Mpeni pole."

Akanyamaza. Nadhani alitegemea nitalia naye.

Kisha akasema kinachomtisha si bei, ni kwamba timu zao zinahama. Huku kwetu timu ikifulia inashuka daraja. Pamba ilipoteremka tulikaa zaidi ya miaka 20 tukiimba majina ya wachezaji wa zamani kwa watoto wasiowajua, mpaka 2024 ikarudi Ligi Kuu, na muda wote huo ilikuwa ya Mwanza. Kule hakuna kushuka. Hata ukishika mkia, mwakani upo. Ila hela ikigoma, timu inafunga virago kama mpangaji anayedaiwa kodi. Mji wa Winnipeg, hukohuko Kanada, walikuwa na timu, 1996 ikahamia Phoenix, Marekani. Phoenix! Jangwani, watu wanacheza kwenye barafu huku nje mbuzi anatafuta kivuli. Watu wa Winnipeg wakakaa miaka 15 bila timu ya ligi kubwa, mpaka 2011 wakaipata ya Atlanta, nayo ikahamishwa kwa mtindo uleule. Wakagombania tiketi za msimu 13,000 kama sukari ya mgao. Na ile ya Phoenix nayo 2024 ikahamishiwa Utah. Miaka ikapita, wenye tiketi Winnipeg wakapungua mpaka chini ya 10,000, viongozi wakaanza kuwakumbusha watu, kwa upole kabisa, kwamba viti vikibaki vitupu si dalili nzuri. Mimi hiyo naiita kupigiwa debe kwa panga.

Mke wangu alikuwa anasikiliza, simu ilikuwa kwenye spika. Kilichomvutia yeye ni kitu kimoja tu. Mpwa wangu alisema baada ya wenye timu na wachezaji kugombania hela mpaka msimu wa 2004–05 haukuchezwa kabisa, waliwekeana kikomo: timu haipitishi kiasi fulani cha mishahara kwa mwaka. Kilianza dola milioni 39, msimu wa 2025–26 kikafika milioni 95 na nusu.

"Baba Kulwa," mke wangu akasema, "na wewe tukuwekee kikomo."

Nikakata simu. Vocha inaisha, nikasema. Aliyepiga ni yeye.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu salama. Lakini jioni nilikwenda kwenye kibanda umiza chetu, pale nyuma ya mashine ya kusaga. Kiingilio mia tano, Simba na Yanga elfu moja. Na mimi mdomo wangu hauna kufuli. Nikawasimulia wote: tiketi ya msimu, kiti chenye namba, hela unatoa kabla. Watu wakacheka mpaka mmoja akadondosha karanga. Mwenye kibanda hakucheka. Alikuwa ameinamia jenereta anapuliza plagi, na aliacha kupuliza.

Wiki mbili baadaye kuna boksi limechanwa limebandikwa mlangoni: TIKETI YA MSIMU 40,000/=. KITI CHAKO. HUSIMAMI.

Nilikuwa wa kwanza. Sikatai. Nilipiga hesabu: mechi tatu kwa wiki, za Ulaya na za hapa, ikifika mwezi wa tano nimekula faida. Giza la mwezi ule dagaa walikuwa wengi, hela ilikuwepo. Nyumbani nilisema nimewekeza. Mwenye kibanda akachukua rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, akaandika 4 kwenye benchi la mbele. Namba ilikuwa inang'aa. Pembeni yake kulikuwa na kichwa cha msumari kimechomoza, nikakigonga kwa jiwe, kikaingia nusu. Hiyo nusu iliyobaki nimeijua kwa suruali mbili.

Wiki ya tatu king'amuzi kikagoma dakika ya 60, kifurushi kimeisha. Mwenye kibanda akasimama mbele ya kioo. "Wenye tiketi za msimu ndio wenye timu. Tuchangie elfu moja moja." Waliolipa mia tano hawakuguswa, wao ni wageni. Nikachangia, mimi mwenye timu. Wiki iliyofuata umeme ukakatika, mchango wa petroli. Nikakataa.

"Baba Kulwa," akaniambia mbele za watu, taratibu, kama mchungaji, "mapato ya hapa ni shilingi. Petroli inanunuliwa kwa dola. Si ulitueleza mwenyewe?"

Watu wote wakanigeukia. Nikatoa.

Siku ya Simba na Yanga nilikuta mtu amekaa namba nne. Jitu limeshiba, la minofu ya sangara siyo ya dagaa. Namwonyesha namba, ananiambia haioni. Kweli haionekani, ameikalia. Mwenye kibanda akanishauri nisimame nyuma kwa leo, maana huyo kalipa elfu mbili taslimu. Nikasema boksi linasema HUSIMAMI. Akaenda kuangalia boksi. Lilikuwa limelowa mvua, limebaki MSIMU tu.

Mwezi wa pili nikamkuta anapakia benchi kwenye guta. Mwenye nyumba kapandisha kodi ya pango. Kibanda kinahamia Igoma.

"Igoma!" nikasema. "Mimi naishi Kirumba!"

"Tiketi yako inafanya kazi kulekule, mzee wangu. Winnipeg wamehama, sembuse sisi?"

Nauli ya daladala kwenda Igoma na kurudi inazidi kile kiingilio cha mia tano nilichokuwa nakikimbia. Nikadai elfu kumi na tano zangu zilizobaki. Akasema zimo kwenye kodi ya kule. Basi, nikasema, nipe kiti changu. Akaliangalia lile benchi, namba nne ipo katikati, tatu huku, tano huku. Akaniuliza kama nimekuja na msumeno.

Ndiyo maana watu wa Mabatini waliniona Jumamosi ile nimepanda nyuma ya guta, nimekaa kwenye namba yangu, nimekumbatia jenereta lisianguke. Tulipofika Buzuruga dereva wa guta akageuka akaniambia benchi limelipiwa, abiria bado.